Jani Chini ya Kifuniko

Mama Dancille hakuomba maji, wala hakuomba wakili. Mlango wa cachot, chumba cha mahabusu, ulipofunguliwa saa mbili asubuhi, kitu cha kwanza alichomwuliza Inspekta Charline Kahindo ni kama kuna mtu amempa jogoo wake chakula.

"Jogoo gani, mama?"

"Ule mwekundu. Wamefunga mlango naye mule ndani. Ni jana yote hajakula."

Charline alipindua ndoo akaikalia, akafungua daftari. Aliandika "jogoo" bila kujua kwa nini, kwa sababu miaka kumi na tisa ya kazi hii ilimfundisha kuandika kwanza na kuelewa baadaye. Alikuwa mwanamke wa Butembo, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa katekisimu, na wakubwa wake walimwogopa kidogo kwa sababu alikuwa anasoma kila karatasi mpaka mwisho.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha kukatwa barabarani kabla haijafika kwake. Jana saa nane mchana, muzee Védaste Nsengimana, sentinele wa dépôt moja, ghala dogo kule Munigi, alikutwa chini juu ya mkeka wake, midomo ya bluu, hasikii, haamki. Usiku alikuwa analinda, mchana analala, na alilala humo humo dépôt. Aliyemkuta ni Dancille, mjane, jirani yake, aliyekuwa anampikia kila siku. Walimkimbiza hospitali, na hata sasa alikuwa hajafumbua macho. Ndani ya nusu saa mtaa wote ulikuwa na jibu moja tu: karuho. Karuho ni ile sumu ambayo kila mtu wa Goma anaijua na hakuna aliyewahi kuiona. Inatiwa katika chakula, inatiwa katika pombe, na ukiuliza nani aliyeitia, kidole kinamwendea aliyepika.

Na mtaa ulikuwa na ushahidi, tena mara tatu. Asubuhi ile ile Dancille na Védaste waligombana mbele ya watu kwa sababu ya kuku waliokuwa wanaingia dépôt, na Dancille akasema, "Utaniona." Vifaranga vyake vitano vilikutwa vimekufa kando ya sahani ya maharage. Halafu medali ya Bikira Maria, ya fedha halisi, ambayo muzee aliivaa shingoni tangu kipaimara, ilikutwa imegeuka nyeusi tii. Hata Maria amekasirika, watu walisema, na hapo nani atabisha?

Komanda naye hakubisha. Alimwambia Charline kwamba saa nane kamili mchana dossier ya kesi itaenda parquet, kwa mwendesha mashtaka, na mama ataenda nayo. Alisema hivyo bila kumtazama usoni. Wote wawili walijua kwamba kwenda parquet ni kupita kwenye lango, na langoni kulikuwa na vijana kama thelathini waliokuwa wanaviringisha tairi. Charline aliliona akiingia. Tairi lenyewe halikuwa na gari, lilikuwa linangoja shingo ya mtu.

Kwa hiyo aliuliza haraka, na Dancille alijibu polepole, kama mtu anayechambua mchele. Aliingia mule mara mbili tu. Saa tano alileta bugali na maharage. Védaste alikuwa amekwisha kujinyoosha kwenye mkeka, akamwambia aweke sahani chini, atakula akiamka. Saa nane alirudi kuchukua sahani. Alipiga hodi, kimya. Alisukuma mlango kwa bega, ukawa mzito, maana muzee alikuwa na desturi ya kusokota kitambaa chini ya mlango ili vumbi jeusi la mawe lisimfuate usingizini. Alipoinama kumtikisa, kichwa chake mwenyewe kilianza kugonga na miguu ikalegea, akatoka nje akipiga yowe. Watu walidhani ni yowe la mwigizaji.

"Na 'utaniona' ilikuwa ya nini?"

Dancille aliangalia vidole vyake. Alisema alitaka kuwauza kuku wote sokoni, halafu muzee ataona atapata wapi mayai ya bure. Kisha, bila kuombwa, alisema ataongeza jambo moja. "Yule muzee ni mutu wangu wa kuongea naye. Nikimuua, nitaongea na nani?"

Charline hakuandika hilo, lakini lilimchoma.

Mazuku, Charline alikuwa amekwisha kuifikiria tangu jana. Mtu wa Goma akilala asiamke, wazo la kwanza ni ule upepo mzito unaotoka kwenye nyufa za mawe na kukaa mabondeni, unaoua mbuzi kila mwaka na mara nyingine mchungaji wake. Lakini mazuku ni ya mashimo na mabonde. Dépôt ile imejengwa mgongoni mwa jiwe la lava, juu, mahali ambapo upepo unapeperusha hata nguo zilizoanikwa kambani. Watu wamelala pale miaka na miaka, wamezaa pale, hawajawahi kupoteza hata paka. Ndiyo maana kwenye daftari lake neno "mazuku" lilikuwa limeandikwa na kukatwa kwa mstari mmoja.

Pale Munigi alimkuta Perpétue amemtangulia. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Védaste, mwanamke wa mifupa mikubwa aliyekesha hospitali na bado alikuwa na nguvu za kugombana. Ndiye aliyemtaja Dancille wa kwanza. Alisema ataingia na Inspekta, asije akaficha kitu, maana lisemwalo lipo. Charline alimkaribisha kwa moyo mweupe. Afadhali shahidi anayekuchukia, kwa sababu akikubali amekubali.

Polisi wa jana walikuwa wamebandika karatasi ya kufunga mlango na, kwa bidii yao, wakarudisha hata kile kitambaa chini ya mlango, wakikisukumiza kutoka nje. Charline alikata karatasi, akafungua. Chumba kilikuwa kidogo, kama hatua nne kwa tatu, na kadirisha kamoja kalikozibwa kwa karto, kipande cha boksi, ili mwanga usimsumbue mlalaji wa mchana. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa bidon za njano, zile dumu za lita ishirini, zimepangwa safu juu ya safu. Alizihesabu: arobaini. Kulikuwa na harufu ya yai viza. Na juu kabisa ya bidon, karibu na mabati, alisimama jogoo mwekundu, mzima kama chuma, akiwatazama kwa hasira ya mtu aliyesahauliwa.

Charline naye alimtazama. Kuku wa chini wamekufa wote, na huyu wa juu amelala usiku mzima katika chumba hicho hicho. Au alikuwa na adabu, akakataa chakula cha wenzake?

Alichuchumaa karibu na vifaranga. Alitoa kisu chake kidogo, akapasua kile kifuko cha shingoni ambapo kuku huweka chakula kabla ya kukisaga. Kilikuwa kitupu. Alipasua cha pili, kitupu vilevile. Hapakuwa na harage hata moja wala punje ya bugali. Halafu aliinama zaidi akavuta sahani, na hapo ndipo alipotaka kucheka. Sahani ilikuwa imefunikwa na sahani nyingine, na zote mbili zimefungwa kwa kitambaa, fundo juu, kama Dancille alivyozileta. Tangu jana hakuna aliyeigusa. Mashahidi wote, majirani wote, polisi wawili wenye bunduki, wote waliogopa karuho kiasi kwamba hakuna aliyesogea karibu kuona kama chakula kimeliwa. Alifungua fundo. Bugali lilikuwa zima, mviringo wake haujaguswa, na kijiko kikavu juu yake.

Alitaka kumwita Perpétue aje aone. Sauti haikutoka. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa mtu aliyepanda mlima, masikio yakavuma, na pumzi aliyoivuta haikumsaidia kitu. Alijua kwamba anapaswa kusimama, ila miguu haikuwa na habari. Kisha mkono ukamshika ukosi wa nyuma, ukamburuta mpaka nje kwenye mawe, na Perpétue akawa anampepea kwa kitenge chake huku akimwambia kwamba karuho imempata.

"Sijakula kitu, mama," alisema Charline alipoweza kusema. "Na wao hawakukula."

Alikaa pale mpaka kichwa kikatulia. Hakuona haya kusema kwamba aliogopa sana. Halafu alimwomba Perpétue kiberiti, akasimama kizingitini, asiingie ndani. Aliwasha njiti, akaishika usawa wa kifua. Ikawaka vizuri. Akaishusha taratibu mpaka kiunoni, ikawaka. Chini ya goti ikazimika, si kwa kupepesuka, ila kama mtu ameifinya kwa vidole. Akafanya mara ya pili, kisha ya tatu. Perpétue ndiye aliyekuwa anahesabu, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mazuku," alisema Perpétue. "Lakini hapa? Juu ya jiwe?"

Ndiyo, juu ya jiwe. Charline alifunga pumzi, akaingia mara moja akiwa amesimama wima, akapitisha mkono kwenye vifuniko vya bidon. Kila kimoja kilikuwa kimelegezwa nusu mzunguko, na chini ya kila kimoja kitu chembamba kilichungulia. Alivuta vitatu, akavitia kwenye bahasha, akatoka. Nyuma yake bidon zilikuwa zinafanya sauti ndogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Aliuacha mlango wazi kabisa na kung'oa karto ya dirisha kwa nje.

Alimwambia Perpétue jambo moja tu, kwamba upepo mbaya umetoka katika bidon, na kwamba kuna mtu alilegeza vifuniko vyote arobaini. Perpétue hakuhitaji muda. Basi ni yeye Dancille, alisema. Aliingia saa tano, yeye mwenyewe amekubali. Akafungua bidon, akaweka sahani, akaenda zake.

Hilo lilimuudhi Charline. Saa yake ilisema nne na nusu. Sasa alikuwa na silaha, ila silaha ile ile ilikuwa inamwelekea Dancille.

Bidon zilikuwa za Jean-Bosco Kambere, mkemia aliyekuwa na kikundi kidogo cha utafiti wa ziwa, watu wanne na boti moja. Hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya dépôt, kwenye tangi la sementi lililokuwa linajengwa, akimwagia maji sementi ambayo ilikuwa imelowa tayari. Charline aliona kwamba mtu huyu amelimwagia tangi hilo maji tangu jana ili apate la kufanya na mikono yake.

Alianza kwa kusema hajui kitu. Charline alikaa kwenye tofali, akasema ana nafasi. Hakuwa nayo, ila mkemia hakulijua hilo. Baada ya kitambo Jean-Bosco alishusha ndoo. Ndani ya bidon, alisema, ni maji ya Kivu, lakini si haya ya kufulia nguo. Ni ya chini kabisa, mita mia nne na zaidi, yamevutwa kwa bomba.

"Yana nini hayo maji?"

Hapo uoga ulimtoka, maana aliulizwa kitu anachokipenda. Alieleza kwamba chini kule kuna chemchemi za moto zinazotoka katika mawe ya volkano na kuingia ziwani kwa siri. Zinaleta maji ya vuguvugu, ya chumvi, mazito, na gesi imeyeyuka ndani yake kama sukari katika chai: ya kaboniki kwa wingi, metani kiasi, na kidogo ya ile inayonuka yai. Haitoki, kwa sababu ziwa zima limeikalia. Lita moja ya maji ya kule inabeba gesi lita mbili na ushee.

"Ukiyapandisha juu, ule uzito unaondoka," alisema. "Ni kama kufungua chupa ya bia. Gesi inakumbuka kwamba ni gesi."

Nusu iliwapotea palepale kwenye boti, iliyobaki wakaifungia ndani ya bidon. Walitaka kuyamimina katika tangi hili na kupima jinsi gesi inavyotoka, lakini sementi ilichelewa kukauka, wakaziweka bidon kwa sentinele siku mbili. Camionnette iliyozibeba ilizitikisa njia nzima juu ya mawe. Charline alipiga hesabu kwenye daftari: bidon arobaini, lita mia nane za maji, na kama kila lita ilikuwa bado na gesi lita moja, basi ni lita mia nane za gesi nzito kuliko hewa, katika chumba kilichozibwa mlango na dirisha, na mtu amelala sakafuni. Mwenye kitanda angeamka na kichwa kinauma. Mwenye mkeka haamki.

"Na fedha?" aliuliza. "Fedha inakuwaje na hayo maji?"

Jean-Bosco alisema ile ya kunuka yai inaifanya fedha kuwa nyeusi, mtoto yeyote wa kemia anajua. Charline alivua hereni yake moja, ya fedha, ya mama yake mzazi, akaomba maji ya bidon moja katika kikombe, akaidumbukiza. Waliendelea kuongea. Alipoitoa ilikuwa imefanya rangi ya kahawia, na kingo zake zinakwenda nyeusi. Hakuisugua. Aliifunga katika karatasi, akaandika saa na tarehe, akamwambia mkemia atie sahihi. Maria hakuwa amekasirika na mtu.

Alipomsimulia habari ya kiberiti, Jean-Bosco alikaa chini. Alimwambia kwamba metani inawaka, na kwamba chumba kingekuwa na metani nyingi kidogo, yeye na mabati wangeondoka pamoja. Charline alijibu kwamba safari ijayo aandike hivyo mlangoni.

Kisha akauliza swali lililomleta. Nani alilegeza vifuniko?

Mkemia aliapa kwamba yeye mwenyewe aliviziba vyote kwa nguvu, na kwamba alipoondoka bidon zilikuwa zimeanza kuvimba. Ndiyo maana alimwambia sentinele azichunge zisije zikapasuka. Alisema maneno hayo hayo: zisije zikapasuka. Hakumwambia ndani mna nini. Alidhani muzee ataelewa kwamba asiziguse, asizitie juani. Jana alipoona umati alirudi nyuma, akajificha kwenye tangi lake, na mwanamke akabebwa kwa kosa la midomo yake yeye. Alisema hivyo akilia, na Charline alimwacha alie, kwa sababu alistahili kulia kidogo.

Perpétue alikuwa amekaa juu ya jiwe mbele ya dépôt, amempata yule jogoo, amemweka mapajani. Ilikuwa saa sita kasoro. Charline alikaa karibu naye. Hakumweleza habari za ziwa wala za mkemia. Alifungua bahasha, akachukua kimoja cha vile vitu vitatu, akakiweka kiganjani mwake. Kilikuwa ukanda wa jani kavu la mgomba, mwembamba, umekunjwa mara mbili, na ncha moja imefungwa kifundo.

"Mama Perpétue, hiki ni kitu gani?"

Perpétue alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza Charline aliloliona usoni pale, na lilimfanya afanane na msichana. "Umetoa wapi? Hii ni ya kwetu Masisi. Ni ya kasiksi."

Charline alimwacha aseme. Pombe ya ndizi, alieleza Perpétue, ukiitia katika bidon inavimba, na usipoilegeza inapasuka na kumwaga kazi ya wiki nzima. Ukilegeza kifuniko tu, nzi wanaingia na pombe inageuka siki. Kwa hiyo unalegeza nusu na kuweka jani katikati, pombe ipumue na nzi abaki nje. Watu wengine wanaweka nyasi. Wengine hawaweki kitu, ni wavivu.

"Na kifundo?"

"Kifundo ni cha baba. Alisema nzi anaogopa kifundo. Hakuna mwingine anayefunga hivi. Alimfundisha Védaste tu, kwa sababu mimi ni mwanamke, nikajifunza kwa kuchungulia."

Alicheka. Kisha kicheko kilikatika. Aliuangalia ule ukanda, akaangalia mlango uliokuwa wazi, na bidon za njano ndani yake, safu juu ya safu. Charline hakumsaidia. Kuna mambo ambayo mtu akiyafikia mwenyewe hayamponyoki tena.

"Walimwambia nini?" aliuliza Perpétue mwishowe.

"Azichunge zisipasuke."

Perpétue alifunika uso kwa kitenge. Alisema kaka yake ni mtu wa kufanya kazi vizuri, tangu utoto, ukimpa kitu kukichunga anakichunga. Alisema vifuniko arobaini, na majani arobaini, na vifundo arobaini, na baada ya hapo akalala, amechoka. Halafu akasema jina la Dancille, mara moja, bila kuongeza neno.

Walirudi kwa pikipiki mbili. Saa saba kasoro Charline aliweka mbele ya Komanda hereni iliyoingia weusi, majani matatu, karatasi ya mkemia yenye sahihi, sahani iliyojaa, na PV, taarifa ya uchunguzi, ya kurasa nne ambayo aliiandika magotini. Komanda alisoma ukurasa wa kwanza, akaruka wa pili na wa tatu, akasoma wa mwisho. Akashusha pumzi ndefu, na Charline alielewa kwamba huyu bwana naye hakulala.

Ila bado kulikuwa na lango, na umati hausomi PV. Charline alitoka akiwa na maneno yake tayari, hakuyahitaji. Perpétue alikuwa amesimama katikati ya barabara, mbele ya vijana, na alikuwa hasemi kwa sauti kubwa. Aliwauliza tairi ni la nani. Aliwaambia kwamba mgonjwa ni kaka yake yeye, tumbo moja, na kwamba yeye ndiye aliyetaja jina la mama yule, na yeye ndiye anayeliondoa. Alisema alikosea. Aliwaambia wachukue tairi walirudishe walikolitoa, na kwa kuwa walikuwa wamezoea kumwogopa, mmoja aliliinamia, akaanza kuliviringisha kurudi chini, wengine wakimfuata mmoja mmoja kama watu waliokumbuka kazi nyumbani.

Dancille alipofunguliwa hakushangilia. Alinawa uso, akafunga kitenge chake upya, akauliza jogoo yuko wapi. Perpétue alikuwa naye mkononi. Walitazamana. Perpétue alimpa jogoo, na Dancille alimpokea, akamtazama miguu na mabawa kama mtu anayenunua.

Saa tisa habari ilikuja kutoka hospitali: muzee amefumbua macho. Charline aliwachukua wanawake wote wawili. Dancille aliomba wapitie kwake kwanza, akapasha maharage, akayafunga katika sahani mbili na kitambaa, fundo juu.

Védaste alikuwa amelala na mpira wa oksijeni puani, mzee mwembamba mwenye ndevu chache, uso umerudi kwenye rangi yake. Alimwangalia dada yake, akamwangalia Dancille, akamwangalia mwanamke wa tatu asiyemjua. Charline alijitambulisha, akainama kumwuliza swali lake la mwisho, lile lililokuwa linakosekana katika PV. Hakuwahi kuliuliza. Muzee alimshika mkono kwa wasiwasi, akatangulia.

"Bidon hazijapasuka?"

"Hazijapasuka, muzee."

"Nilizilegeza zote," alisema Védaste. "Nilitia na majani." Akafumba macho, ameridhika, na Charline alilazimika kugeukia dirisha kidogo, kwa sababu furaha nayo inatoa machozi, na Inspekta hapaswi kulia mbele ya wauguzi.

Wodi ilikuwa imejaa. Wagonjwa, walezi, jamaa watano sita wa Masisi waliokuja kuzika na kukuta mtu anaongea, wote walikuwa wamesikia kesi ya karuho, na wote waliona sahani ilikuwa mkononi mwa nani. Dancille aliweka sahani kwenye kiti, akafungua fundo, akachukua kijiko. Alijua desturi, kila mtu pale aliijua: anayeleta chakula anaonja yeye kwanza, mbele ya macho ya watu, ili ionekane kwamba hakina kitu. Siku zote ni adabu tu. Siku ile ilikuwa hukumu, naye akachota.

Perpétue alimnyang'anya kijiko.

"Usionje," alisema.

Akakitia mdomoni yeye mwenyewe, kimejaa, akatafuna wodi nzima ikimtazama, akameza. Kisha akachota tena, akampa kaka yake. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamelowa lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Chumvi ni kidogo," alimwambia Dancille. "Kesho uongeze."